Kufua Nguo za Nyumbani: Zipi za Kila Siku, Zipi za Kila Miezi Mitatu

Somo letu la juma hili ni juu ya kufua nguo za nyumbani. Huenda msomaji akacheka na kusema: "Je, kufua nako kwataka somo? Mama yangu alifua, na nyanya yangu alifua, wala hakuna aliyewafundisha kwa karatasi." Maneno hayo ni ya kweli, nasi hatukusudii kumwonyesha mtu namna ya kusugua ukosi wa kanzu. Neno tunalotaka kulitazama ni jingine: kila kitu cha nyumbani kifuliwe baada ya siku ngapi? Katika nyumba nyingi swali hili hujibiwa kwa macho, au kwa pua, au kwa desturi ya Jumamosi. Kinachoonekana cheusi hutiwa majini, kisichoonekana huachwa. Lakini macho ni shahidi asiyeaminika katika jambo hili. Kipo kitu nyumbani kionekanacho kichafu ambacho kukifua mara nyingi ni hatari kwa watoto, na kipo kingine kionekanacho safi ambacho kikipitisha siku mbili bila kufuliwa hugeuka kuwa shamba la vijidudu. Cha kwanza ni chandarua, cha pili ni kitambaa cha kupangusia vyombo. Tutavifikia vyote viwili.

Ili tusiseme maneno ya hewani, na tuchukue mahali pamoja pawe mfano wetu, napo ni Bamburi, katika Kisauni, upande wa bara kaskazini ya kisiwa cha Mombasa, kando ya barabara iendayo Malindi. Huko wamo wavuvi na wenye mashamba ya minazi, wamo watumishi wa mahoteli ya pwani, na wamo wafanyakazi wa kiwanda cha saruji kilichoanza kutoa saruji mwaka 1954. Nguo zao si za namna moja, wala uchafu wake si wa namna moja. Lakini shida ya maji ni ya wote.

Maji ya mfereji ya upande ule hutoka mbali, kwenye visima vya Baricho kando ya mto Sabaki. Mji wa Mombasa hupata mengine kutoka chemchemi za Mzima zilizo Tsavo, kwa bomba lililokamilika mwaka 1957, na mengine kutoka Marere katika milima ya Shimba na visima vya Tiwi. Yote hayo yakijumlishwa bado hayawatoshi watu walio mjini. Mfereji ukikauka, watu wa Bamburi, Kiembeni na Utange hurudia kisima, ama humngojea mwenye mkokoteni na mitungi yake ya lita 20. Kwa hiyo mtu asemaye "fueni kila kitu kila siku" hasemi na watu wa Bamburi. Anasema na watu wenye mto uani.

Na tufanye hesabu ndogo. Tuseme nyumba ina vitanda vitatu, na shuka na foronya za kila kitanda zataka mitungi miwili ya maji, mmoja wa sabuni na mmoja wa kusuuza. Vitanda vyote vikifuliwa mara moja kwa juma, ni mitungi sita. Vikifuliwa kila siku ya tatu, ni mitungi kumi na minne kwa juma. Tofauti hiyo ya mitungi minane italipwa na nani? Mara nyingi hulipwa na chungu cha kupikia, au na mikono ya watoto isiyonawishwa kabla ya kula, kwa kuwa maji yamekwisha. Hapo usafi wa shuka umenunuliwa kwa bei ya afya. Kwa sababu hii tunapouliza "mara ngapi" twauliza pia "maji haya yangefaa zaidi wapi?"

MAJI YA KISIMA NA SABUNI

Kabla ya kutaja siku, yafaa tuseme habari za jiwe. Nchi yote ya Bamburi imelala juu ya mwamba wa matumbawe, yaani mifupa ya viumbe vya baharini vya zamani za kale, nayo ni chokaa tupu. Mwamba huo huo ndio uchimbwao na kusagwa kiwandani ili kufanya saruji. Mvua ikinyesha, maji hupenya katika mwamba na kuchukua sehemu ya chokaa yake, na kisima kikichimbwa, maji yake huwa yamekwisha kubeba chokaa hiyo. Maji ya namna hii huitwa maji magumu. Tena karibu na bahari, maji ya chumvi huingia chini kwa chini, hasa kisima kinapotekwa kupita kiasi wakati wa kaskazi.

Sabuni ya mche ikikutana na maji magumu, kazi yake ya kwanza huwa si kutoa uchafu bali kupigana na chokaa. Matokeo ya vita hivyo ni ule utando mweupe uelea­o juu ya karai, ambao wengi hudhani ni uchafu wa nguo. Basi nusu ya mche huisha kabla kazi haijaanza, na utando huo hunasa katika nyuzi za nguo. Ndiyo sababu shuka nyeupe za Bamburi hugeuka kijivu, na taulo mpya huwa ngumu kama gunia baada ya miezi michache. Mwenye nyumba akiona hivyo hufua tena na tena, na kila akifua huongeza utando. Sabuni ya unga haidhuriwi sana na chokaa, lakini bei yake si sawa kwa kila mfuko.

Zipo njia tatu za kujisaidia. Kwanza, tumia maji ya kisima kwa kusuuza vumbi na jasho kabla ya sabuni kutiwa, kisha maji ya mfereji au ya mvua kwa sabuni yenyewe na kwa suuzo la mwisho. Suuzo la mwisho lisiwe la maji ya chumvi, maana chumvi ikibaki katika nguo huvuta unyevu wa hewa, na nguo haikauki sawasawa hata ikianikwa kutwa. Pili, kama huna budi kutumia maji ya kisima peke yake, yatie kijiko cha magadi kwa ndoo, uyakoroge na kuyaacha yatulie, kisha umimine yale ya juu. Magadi huishika chokaa na kuiangusha chini. Hii ni mali ya nchi yetu. Katika Ziwa Magadi kampuni ya kuyachimba ilianzishwa mwaka 1911, na magadi yake husafirishwa kwa reli mpaka Kilindini. Lakini yasitiwe mengi, maana huchuna mikono na kuharibu nguo za sufu. Tatu, kinga maji ya mvua. Hakuna maji laini kuliko ya mvua iliyopita juu ya bati safi. Masika hutupa maji bora ya kufulia katika miezi ile ile inayotunyima jua la kuanikia; basi mwenye pipa la kufunikwa na ayaweke.

VITU VYA KILA SIKU

Nguo za ndani na soksi hufuliwa kila siku, wala hapana mjadala, kwa kuwa hukaa juu ya ngozi yenye jasho, na hewa ya pwani haikaushi jasho upesi. Shati la shule vivyo hivyo, ikiwezekana. Asiye na mashati mawili ya kubadili na afue ukosi na makwapa jioni, hiyo yatosha mpaka Ijumaa. Sketi, kaptura na sweta hazidai maji ya kila siku.

Kitambaa cha kupangusia vyombo ndicho kinachosahauliwa kuliko vyote. Hupangusa sahani, kisha meza, kisha mkono wa mpishi, kisha chungu, na jioni hufinyangwa na kuachwa kando ya sinia kikiwa na maji. Joto la jikoni na unyevu ndivyo vitu viwili ambavyo vijidudu huvipenda, na usiku mmoja huwatosha kuzaana. Kesho yake sahani iliyooshwa vizuri hupakwa uchafu wa jana. Kitambaa hiki kifuliwe kila siku kwa sabuni, kianikwe juani mpaka kikauke kabisa, na mara mbili kwa juma kichemshwe dakika kumi katika sufuria ya zamani. Chataka maji kidogo mno. Bakuli moja lafaa. Tungepewa ruhusa ya kubadili neno moja tu katika nyumba za wasomaji wetu, tungechagua hili, na shuka tungeziacha zingoje.

Winda za mtoto, ambazo wengi sasa huziita nepi, hazingojei Jumamosi. Choo cha mtoto mchanga kina vijidudu kama cha mtu mzima, ingawa watu wengi hukionea huruma. Winda itupiwe choo chake katika msala wa nyumba, isuuzwe, iloweke katika ndoo yenye kifuniko, ifuliwe siku ile ile na kuanikwa juani.

Kuna na vitambaa vya mwezi vya akina mama na mabinti. Jambo hili halitajwi barazani, na kwa sababu halitajwi, vitambaa hivyo hufuliwa kwa siri na kuanikwa chini ya kitanda au nyuma ya kabati, mahali pasipo hewa, navyo huvaliwa tena vikiwa na unyevu. Damu hutolewa kwa maji baridi kwanza, maana maji ya moto huigandisha katika nyuzi. Kisha sabuni, kisha jua. Mama mwenye haya na atandaze leso nyepesi juu yake katika kamba. Jua litapenya na macho ya jirani hayatapenya.

Mfanyakazi wa saruji, au fundi wa kujenga, ana sheria yake peke yake. Vumbi la saruji ni kali, nalo likikutana na jasho huchoma ngozi, na wengine hupata ukurutu wa mikono na shingo usiopona upesi. Nguo za kazi zisiingie chumba cha kulala, wala zisichanganywe na za watoto. Azikung'ute nje, upepo ukielekea mbali na nyumba, zikiwa bado kavu. Akizitia majini na vumbi lake, atakuwa anafanya saruji katika karai. Kisha zifuliwe kila siku ya kazi, katika maji yake peke yake.

Kanzu nyeupe hufuliwa baada ya kuvaliwa mara moja au mbili, kwa ajili ya ukosi. Buibui huvaliwa juu ya nguo nyingine, lakini huchukua jasho la kichwa na vumbi la matatu. Mavao matatu au manne yatosha, nalo lipinduliwe ndani nje na kuanikwa kivulini, maana jua hulichujusha weusi wake. Leso mpya ifuliwe peke yake mara ya kwanza. Kofia ya viua isisuguliwe kwa brashi. Mshonaji alitumia juma nyingi kwa kazi ile.

KITANDANI

Shuka na foronya zifuliwe mara moja kwa juma. Maji yakiwa haba sana, shuka yaweza kufika juma mbili, lakini foronya isifike, kwa kuwa uso hulala juu yake, na mafuta ya nazi ya nywele hukaa humo na kuoza. Asiyeweza kufua vitanda vyote siku moja na afue kwa zamu: Jumatatu kitanda cha watoto, Jumatano cha wazee, na kadhalika. Maji ya suuzo la mwisho la shuka si ya kumwaga. Yawe maji ya kwanza ya kulowekea nguo nyeusi au matambara ya sakafu.

Sababu ya juma moja si harufu. Ngozi ya binadamu huambuka chembe ndogo ndogo kila siku, na chembe hizo huliwa na utitiri wa vumbi, mdudu asiyeonekana kwa macho, akaaye katika magodoro na mito. Hanywi maji, hupata maji yake katika unyevu wa hewa, na kwa hiyo pwani humpendeza kuliko nyanda kavu. Kinyesi chake huwasumbua wenye pumu. Maji ya moto wa digrii 60 humwua. Maji baridi humwondoa kwa sehemu tu, lakini huosha kile kinyesi kinachodhuru. Jua kali humkausha. Basi katika nyumba yenye mtoto wa pumu, shuka zake zifuliwe kwanza kabla ya za wengine wote, na mto wake utolewe nje juani kila juma. Mto wa sufi haufuliwi hata kidogo: sufi ikilowa hugandamana na kuota kawa. Huanikwa tu, na ukizeeka hubadilishwa. Godoro la usumba ni vivyo hivyo.

Blanketi lifuliwe mara mbili kwa mwaka, kabla ya kusi kuanza na baada ya kwisha, na kila mwezi lianikwe. Mapazia kila miezi mitatu au minne. Wakaao karibu na barabara au machimbo wataona wenyewe kwamba si vibaya kuwahi. Taulo ya kuogea baada ya kuoga mara tatu au nne, na kila mtu awe na yake. Taulo inayotundikwa ikiwa imekunjwa haikauki, itandazwe. Ikiwa asubuhi bado ina unyevu, siku yake ya kufuliwa imekwisha kufika, hata kama ilitumika mara moja tu.

Mambo haya yote hubadilika nyumbani mkiingia ugonjwa. Nguo na shuka za mtu aliyeharisha au kutapika zifuliwe siku ile ile, zichemshwe, wala zisirundikwe na za wengine. Ukiingia upele, dawa peke yake haiponyi, maana mdudu wake huweza kuishi nje ya mwili siku mbili au tatu. Watu wote wa nyumba wapakwe dawa siku moja, na siku hiyo hiyo shuka, taulo na nguo zilizovaliwa siku tatu zilizopita zifuliwe kwa maji ya moto, zikaushwe juani na kupigwa pasi. Kisichofulika kifungwe katika mfuko wa plastiki juma zima, mdudu afe kwa njaa.

MAHALI PA KUFULIA

Desturi ya kufulia pale pale penye mdomo wa kisima yajulikana, na sababu yake ni nyepesi: ndoo ni nzito. Lakini na tusikilize habari ya London. Mwaka 1854, katika mtaa wa Soho wa mji huo, kipindupindu kiliua watu zaidi ya 600 kwa muda mfupi. Daktari John Snow alionyesha kwamba waliokufa walikuwa wakinywa maji ya pampu moja ya Broad Street. Baadaye padri mmoja, Henry Whitehead, akifuata habari nyumba kwa nyumba, aligundua ugonjwa ulivyoingia kisimani. Mtoto mchanga katika nyumba iliyo karibu na pampu aliugua kuharisha. Mama yake akaloweka winda zake na kumwaga maji katika shimo la taka la nyumba. Shimo lilikuwa limepasuka, nalo lilikuwa jirani kabisa na kisima. Mama yule hakufanya uzembe wowote. Alikuwa akifua nguo za mtoto mgonjwa, kama afanyavyo kila mama.

Udongo mzuri wa mchanga mwembamba huyachuja maji yapitapo. Mwamba wa matumbawe hauyachuji hivyo, kwa kuwa una nyufa na mashimo, na maji machafu hushuka upesi kama kwenye mfereji. Mafundisho ya kawaida ni choo kiwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani. Katika mwamba wa pwani hata umbali huo waweza usitoshe. Kwa hiyo karai la nguo, na hasa za mgonjwa au winda, lichukuliwe mbali na kisima, upande wa mteremko, na maji yake yamwagwe huko. Tunajua ndoo ni nzito. Vijana wa kiume wana mabega, nao si marufuku kubeba.

Na kuanika nako kuna hatari yake. Yupo nzi mmoja wa manjano yaelekeayo hudhurungi ambaye hutaga mayai yake mchangani penye kivuli na juu ya nguo zenye unyevu. Yai huanguliwa baada ya siku chache, na funza wake huingia katika ngozi ya mvaaji na kufanya uvimbe kama jipu, wenye tundu dogo katikati. Watoto wachanga huumia zaidi, maana winda zao hutandazwa nyasini. Nguo isianikwe chini kamwe, wala juu ya ua wa michongoma penye kivuli. Itundikwe kambani juani, ianuliwe ikiwa kavu, kisha ipigwe pasi ya moto pande zote, hasa kwenye mishono. Pasi si urembo tu kama wanaume wengine wadhanivyo. Buibui, ambalo tumesema lianikwe kivulini, ndilo lenye haja kubwa zaidi ya pasi.

CHANDARUA

Sasa tumefika kwenye kitu kile ambacho macho hukihukumu vibaya. Utasikia mama akimwambia binti yake, "Mwanangu, chandarua hiki kimekuwa cheusi, aibu kwa wageni, hebu kakitie majini pamoja na shuka." Na binti, kwa utii wake, hukiloweka usiku kucha katika sabuni ya unga na dawa ya kung'arishia, hukisugua, hukianika juani kutwa. Jioni chandarua cheupe kama theluji kimetundikwa, na mbu hukaa juu yake bila wasiwasi.

Chandarua cha siku hizi ni ukuta wenye dawa. Kati ya miaka 1993 na 1995, huko Kilifi, jirani wa Mombasa upande wa kaskazini, lilifanywa jaribio kubwa la vyandarua vilivyotiwa dawa. Vifo vya watoto wadogo walio chini ya miaka mitano vikapungua kwa thuluthi moja, na watoto waliolazwa hospitali kwa malaria kali wakapungua kwa 44 katika kila 100. Habari hizo zilichapishwa mwaka 1996, nazo zilisaidia kuithibitishia dunia nzima kazi ya vyandarua hivyo. Lakini vile vya Kilifi vilikuwa na taabu moja: ilibidi vichovywe katika dawa upya kila miezi sita, na kaya nyingi zikiachiwa kazi hiyo peke yake husahau.

Baadaye vikaja vyandarua vya dawa ya kudumu, ambavyo ndivyo vinavyogawiwa sasa. Katika vingine dawa imechanganywa ndani ya uzi wenyewe, na katika vingine imegandishwa juu ya uzi kwa gundi maalumu. Kikifuliwa, dawa iliyo juu huondoka, na nyingine hujitokeza polepole kuchukua mahali pake, jambo lichukualo siku kadhaa. Akiba hiyo si ya milele. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni kwamba chandarua kistahimili kufuliwa mara 20 katika maabara na kutumika miaka mitatu nyumbani.

Na tuhesabu tena. Mwenye kukifua kila juma la pili humaliza mara zake 20 katika majuma 40, yaani kabla ya miezi kumi, na miaka miwili na zaidi iliyobaki watoto wake hulala chini ya pazia tu. Mwenye kukifua kila miezi mitatu hufua mara nne kwa mwaka, mara 12 kwa miaka mitatu, na dawa ingali na kazi. Kwa hiyo kisifuliwe zaidi ya mara moja kwa miezi mitatu. Kikiwa na vumbi katikati, kikung'utwe polepole nje. Mtoto akikitapikia, sehemu ile ipanguswe kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo. Wageni wakiona weusi, wataambiwa sababu.

Siku yake ikifika, tumia maji baridi na sabuni laini ya mche, pasipo magadi, pasipo Jiki, pasipo kukiloweka. Kikamuliwe taratibu bila kukisugua, kisuuzwe, kianikwe kivulini, maana mwanga wa jua huivunja dawa. Hapa huenda msomaji makini akauliza juu ya yule nzi: kivulini si ndiko atagako? Ni kweli, na chandarua hakipigwi pasi, kwa kuwa uzi wake huyeyuka. Basi kianikwe ndani ya nyumba au chini ya paa la baraza, juu kabisa, mbali na mchanga. Ni chepesi, nacho hukauka kwa saa chache tu, na jioni hiyo hiyo kirudi kitandani. Usiku mmoja bila chandarua wamtosha mbu.

Maji yaliyobaki katika karai yana dawa iuayo samaki. Yasimwagwe kisimani, wala katika mkono wa bahari wa Mtwapa. Yamwagwe katika shimo la choo, au katika shimo kavu lililo mbali na kisima na kuku. Tundu dogo lishonwe kwa sindano na uzi siku hiyo hiyo ya kufua, kabla hakijatundikwa, kwa kuwa kikiwa kimetandazwa juu ya kamba matundu huonekana kwa urahisi. Na chandarua kipya kinapotolewa katika mfuko wake hakifuliwi kwanza, kama wengi wafanyavyo kwa kudhani ni nguo ya dukani. Hutundikwa tu kivulini kutwa kucha ili harufu ya dawa ipungue, kisha kesho yake hutumika.